Fulana ya milioni tatu

Wiki mbili zilizopita niliingia sheli moja pale Nzuguni, hapa Dodoma, natoka Kibaigwa kupeleka dawa za mifugo, taa ya mafuta imewaka tangu Buigiri. Dada wa pampu akaniuliza, "Kaka, kadi ya pointi unayo?"

"Sina."

"Jisajili basi. Ukifikisha pointi elfu moja unapewa fulana."

"Na pointi moja naipataje?"

"Kila lita moja, pointi moja."

Nikamwambia ajaze kwanza, fulana tutaizungumza. Wakati mita inazunguka nikapiga hesabu kichwani. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Pointi elfu moja ni lita elfu moja, na lita elfu moja ni shilingi milioni tatu. Fulana yenyewe pale sokoni Majengo haizidi elfu kumi, tena hiyo haina nembo ya mtu mgongoni.

Sisemi pointi ni utapeli. Ninachosema ni kwamba sisi tunaoendesha kwa kazi tunazipokea kama watoto wanaopewa pipi: tunafurahia kupewa, hatuulizi tumelipa nini. Naendesha Probox yangu mwenyewe, Kondoa, Bahi, Mpwapwa, Kongwa, na kampuni inanilipa kwa kilomita. Mwezi wa kawaida gari hunywa kama lita 300. Maana yake shilingi moja ikipungua kwenye lita, kwangu ni 300 mfukoni. Hicho ndicho kipimo changu, na zawadi yoyote naivunja mpaka ifike hapo: inanipa shilingi ngapi kwa lita? Ile fulana, tukiithamini kwa ukarimu, ni shilingi kumi.

Sasa geuka uangalie bango la bei. Watu wengi wanadhani bei ya EWURA, ile mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ndiyo bei. Ile ni bei kikomo, dari. Hakuna anayeruhusiwa kuipita, lakini kushuka chini yake ni ruksa, na wapo wanaoshuka. Sheli iliyoshuka shilingi 30 haina kadi, haina wimbo wa matangazo, haina dada wa kukuuliza kama umejisajili, lakini imekupa mara tatu ya fulana, na imekupa leo. Husubiri miezi mitatu.

Niliwahi kusubiri. Kuna kadi niliitunza karibu mwaka mzima, ya sheli ambayo sitaitaja. Nilipokwenda kuchukua changu nikaambiwa pointi za zamani zimeshakufa, mfumo unazifuta. Zimekufa! Hakuna aliyenialika mazishini. Tangu siku hiyo nikipewa kadi swali langu la kwanza ni hili: zinaisha lini?

Ila na hiyo bei ya bango isikulevye. Pampu ikipunja asilimia moja tu, kwenye lita ya 3,000 umeibiwa shilingi 30, yaani punguzo lako lote limerudi kwa mwenye sheli bila wewe kujua. Ndiyo maana naangalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu kabla sijaangalia kitu kingine, na nashuka kwenye gari kuona mita imeanza sifuri. Madereva wenzangu wananicheka kwamba nina roho ya karani. Sawa. Pia naandika kilomita kila ninapojaza. Gari lako likizoea kwenda kilomita 12 kwa lita halafu ghafla, baada ya sheli fulani, mara mbili mfululizo likaenda 11 kwa njia ile ile na mzigo ule ule, huna haja ya kuambiwa na mtu.

(Kuna wale wa "jaza alfajiri, mafuta yakiwa ya baridi yanakuwa mazito." Matenki ya sheli yamefukiwa ardhini, jua la Dodoma haliyafikii kirahisi hivyo. Lala tu, ndugu yangu.)

Kosa jingine ni kukimbiza bei. Jirani yangu anakaa Kisasa, akasikia upande wa pili wa mji kuna sheli imeshusha shilingi 30. Akavuka mji, kilomita nane kwenda, nane kurudi, akaweka lita 20. Ameokoa 600. Kilomita 16 kwa gari lake ni lita moja na theluthi, shilingi 4,000. Alirudi amefurahi kweli kweli, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Kwa anayezunguka wilayani kama mimi, cha maana ni kujua bei ya njiani kabla ya kuondoka. Bei kikomo hutofautiana mji kwa mji kwa sababu ya usafirishaji kutoka bandarini: Morogoro ni nafuu kuliko Dodoma, na wilaya za huku nazo kila moja ina yake. Huna haja ya kubahatisha, piga *152*00# ufuate maelekezo. Nikienda Kondoa najaza mjini. Kujaza ukiwa umeshaishiwa ndiko kunakokula hela, maana hapo huchagui, unachaguliwa.

Lakini bonasi kubwa kuliko zote haina kadi wala programu ya simu. Ni kalenda. Bei mpya hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huanza saa 6:01 usiku wa kuamkia siku hiyo. Bei ikipanda shilingi 80 na wewe ulijaza lita 40 Jumanne jioni, umeokoa 3,200, ambayo ni zaidi ya pointi zangu za mwezi mzima. Ikishuka, uliyejaza Jumanne umeumia kwa kiasi hicho hicho. Utajuaje? Hutajua kwa hakika, ila habari za dunia huchelewa kufika kwenye bango. Mafuta unayowekewa leo yaliagizwa kwa pamoja wiki nyingi nyuma, yakapakuliwa, yakapanda malori hadi huku. Pipa likipanda leo kwenye taarifa ya habari, usikimbilie sheli usiku huu. Subiri mwezi, au hata miwili. Shilingi ikiyumba mbele ya dola, hivyo hivyo.

Nimeongea kama vile kila dereva ana gari lake, na sivyo. Hapa mjini magari mengi ya kazi ni ya watu wengine. Ya serikali tuyaache, mengi yanajaza GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali. Nazungumzia ya kampuni, mashirika na makandarasi. Mafuta analipa bosi, pointi zinaingia kwenye simu ya dereva. Ni za nani?

Kwangu mimi dereva azichukue, mradi bosi anajua. Mshahara wenyewe tunaujua. Tatizo huanza pale dereva anapopita sheli tatu za bei nafuu ili akajaze kwenye ile yenye pointi zake: bosi amelipa shilingi 50 zaidi kwa lita ili dereva apate kumi. Ndiyo sababu naziona kadi za mafuta za makampuni, kama za Puma au TotalEnergies, ni nzuri kwa mwenye magari mengi kwa sababu ambayo haihusiani na zawadi: gari gani, lita ngapi, siku gani, yote yanaonekana. Na zinaua ule mchezo wa risiti. Zamani uliweka lita 40 ukaandikiwa 50. Mashine za kielektroniki zilipofungwa kwenye pampu hilo likawa gumu, watu wakahamia kuokota risiti zilizoachwa na bodaboda. Nimewahi kumwona mtu mzima, tai shingoni, anainama chini ya pampu kuokota risiti ya elfu tano akarejeshee masurufu. Akiitwa na mhasibu atasema nini, gari la injini ya cc 3,000 limewekewa mafuta ya pikipiki?

Risiti yako mwenyewe lakini idai. Kwangu ndiyo inayothibitisha gharama za kazi, na siku kukiwa na ubishi wa mafuta mabovu huna ushahidi mwingine.

Mwisho kuna zawadi zisizoandikwa popote. Sheli ninayoitumia zaidi, njia ya Ihumwa, hawana pointi. Wana upepo wa bure unaofanya kazi, na tairi lenye upepo pungufu linakula mafuta kuliko watu wanavyodhani. Wana choo safi. Na kijana wa pampu ananifahamu: mwezi uliopita mtandao wa malipo uligoma, nina mzigo wa chanjo kwenye barafu, akanijazia, akasema, "Bro, nenda, utalipa ukirudi." Chanjo ikifika ya moto mfugaji haipokei. Ule uaminifu ungekuwa pointi ngapi?

Leo ni Jumanne, na kesho ni Jumatano ya kwanza. Tenki lina robo, alfajiri naenda Chemba. Wenzangu wa kijiweni wamegawanyika, nusu wanasema inapanda, nusu inashuka. Nimeweka lita 20.