Je, Mwanafunzi Aanze Insha kwa Kutaja Msimamo Wake?

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, mtahiniwa hupewa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400 na yenye alama 20. Insha ya kwanza ni ya lazima, na ya pili huchaguliwa kati ya tatu zilizobaki, ambamo mara nyingi hamkosi swali la mjadala. Ni katika swali hilo ambapo walimu wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi ataje msimamo wake katika aya ya kwanza, autetee kwa aya tatu au nne za hoja, kisha ahitimishe. Wengine wanaona kwamba utaratibu huo huzalisha insha zinazofanana darasa zima, zenye umbo la insha lakini zisizo na fikra ndani yake. Pande zote mbili zina ukweli, ingawa kwa maoni yangu ukweli huo haulingani uzito.

Tuanze na kile ambacho upande wa kwanza unapambana nacho. Swali linamtaka mwanafunzi ajadili iwapo simu za mkononi ziruhusiwe katika shule za bweni. Ufunguzi uliozoeleka huwa hivi: "Tangu jadi na jadudi, binadamu amekuwa akiwasiliana. Wahenga hawakuambulia patupu waliponena kwamba hakuna masika yasiyo na mbu. Simu ya mkononi ina faida na hasara chungu nzima." Sarufi ni safi, methali ipo na msamiati si haba. Hata hivyo, hakuna mtu duniani atakayebishana na maneno hayo, na kauli isiyoweza kupingwa haihitaji kutetewa. Mwanafunzi aliyeanza hivyo hana deni lolote kwa msomaji: ataorodhesha faida, ataorodhesha hasara, kisha atamaliza kwa kushauri kwamba simu zitumiwe kwa uangalifu.

Sasa tuandike upya sentensi ya mwisho: "Shule za bweni ziwaruhusu wanafunzi kutumia simu za vitufe zisizo na intaneti, zitunzwe na mwalimu wa zamu na kutolewa jioni, kwa sababu haja ya mtoto kuzungumza na mzazi wake ni ya kweli, ilhali kinachomvuruga masomoni ni intaneti wala si mazungumzo hayo." Sentensi hii imebeba mambo matatu ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo: inapendekeza jambo mahususi, inatoa sababu, na inamkaribisha mpinzani. Mwalimu mkuu anaweza kuuliza ni nani atakayezilinda simu mia tatu. Mzazi anaweza kusema kwamba simu ya ofisini inatosha. Maswali hayo ndiyo yanayozaa aya zinazofuata, na mwandishi hahitaji tena kujiuliza aandike nini baada ya utangulizi.

Faida ya hoja kuu iliyo wazi huonekana pia katika viunganishi, jambo ambalo sisi wasomaji wa insha hatulitilii maanani vya kutosha. Insha isiyo na msimamo hutembea kwa "aidha", "isitoshe", "fauka ya hayo" na "vilevile", maneno ambayo kazi yake ni kuongeza tu jambo juu ya jambo. Insha yenye msimamo hulazimika kutumia "kwa kuwa", "hata hivyo", "ingawa" na "kwa hiyo", kwa maana kila hoja ndani yake ina uhusiano wa sababu, pingamizi au matokeo na hoja jirani. Kipimo kimoja rahisi ni kuhamisha aya ya nne ikawa ya pili. Insha isipodhurika kwa lolote, basi ilikuwa orodha iliyokatwakatwa kuwa aya.

Wapinzani wa utaratibu huu wana pingamizi la kitamaduni ambalo husikika sana: kwamba kutangaza msimamo mapema ni tabia ya kigeni, kwa kuwa mzungumzaji wetu huanza kwa salamu, huzunguka, hutumia mafumbo, na hufika kwenye jambo lenyewe baada ya kuwaandaa wasikilizaji. Hilo ni kweli kwa mazungumzo ya barazani na kwa ujumbe wa posa. Si kweli kwa maandishi yetu yote. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utenzi alioutunga mwaka 1858, anamwita binti yake karibu na kumweleza tangu beti za mwanzo kwamba anampa wasia, na kwamba auzingatie. Sala na sifa zimo, na heshima imetimia, lakini msikilizaji hajaachwa gizani kuhusu kile anachotakiwa kukifanya na maneno yanayofuata.

Mfano wa pili ni wa nathari, nao unafaa kusomwa darasani polepole. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea la Tanzania lililotangazwa Februari 1967, katika sehemu yake inayohusu kujitegemea linasema mapema kwamba nchi imo katika vita dhidi ya unyonge na kwamba silaha iliyochaguliwa, yaani fedha, haikuwa silaha ya kufaa. Hiyo ni hoja kuu ya kupingika waziwazi, tena mbele ya watu waliozoea kudai fedha za kila mradi. Kinachofuata si orodha. Mtu akisema fedha zitatoka kwenye kodi, anaonyeshwa kwamba kodi ina kikomo. Akikimbilia misaada, mikopo na rasilimali za kigeni, anaambiwa kwamba hazitatosha, na kwamba hata zingetosha, uhuru ungekuwa mashakani. Baada ya njia hizo kuzibwa moja baada ya nyingine, ndipo maandishi yanapomfikisha kwenye ardhi na kilimo, na kwenye mahitaji manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mtu anaweza kuikataa siasa ya ujamaa kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado akajifunza hapo jinsi hoja zinavyopangwa, kwa sababu huwezi kuzibadilisha nafasi zake bila kuivunja hoja nzima.

Pingamizi lililo zito zaidi ni lingine. Mwanafunzi anayelazimishwa kuandika msimamo katika sentensi ya kwanza huchagua upande kabla hajafikiri, kisha hutumia dakika zote zilizobaki kuutetea, hata pale anapogundua katikati ya aya ya tatu kwamba upande wa pili una nguvu. Watu wengi hujua wanachokiamini baada ya kukiandika. Ukimnyima kijana nafasi hiyo, unamfundisha ubishi badala ya uchambuzi, na hilo si jambo dogo katika nchi ambazo mijadala ya umma imejaa watu walioamua kabla ya kusikiliza. Vilevile, si kila insha inahitaji msimamo uliotajwa. Kisa kinachooana na methali huharibika mwandishi akifichua funzo lake mwanzoni.

Nakubaliana na pingamizi hilo, ila naona kwamba linahusu utaratibu wa kuandika zaidi ya umbo la insha iliyokamilika. Mahali ambapo hoja kuu inasomwa na wakati ambapo inapatikana ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi aandike kwanza vurugu la mawazo yake, aone limempeleka wapi, na sentensi aliyofikia mwisho aipandishe juu wakati wa kuandika nakala safi. Katika mtihani, dakika kumi za kupanga hoja kwenye karatasi hufanya sehemu ya kazi hiyo. Darasani, ambako hakuna anayekimbizana na saa, hakuna sababu ya kumruhusu mwanafunzi awasilishe rasimu ya kwanza. Idadi ya aya nayo isiwe sheria: hoja moja nzito iliyochimbuliwa kwa aya tatu, pamoja na pingamizi lake, ina thamani kuliko hoja sita zilizoguswa tu.

Kinachozuia hayo ni usahihishaji, kuliko ukaidi wa walimu. Mwalimu mwenye rundo la insha hamsini huona kosa la hijai papo hapo, huona methali papo hapo, na huhitaji muda mrefu zaidi kuona kwamba aya ya pili haimsaidii mwandishi. Wanafunzi hufuata alama zinakoelekea, ndiyo maana hukariri fani nyingi za kufungulia insha. Kwa kuwa mfumo wa zamani wa mitihani unaondolewa, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikiwa ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la mwisho la KCSE likitarajiwa mwaka 2027, hiki ndicho kipindi cha kubadilisha mazoezi. Wiki moja mwalimu asahihishe sentensi ya hoja kuu peke yake, hamsini kwa nusu saa, akiandika kando ya kila moja pingamizi ambalo mwanafunzi atalazimika kulijibu. Wiki inayofuata asome mpangilio wa aya tu, na makosa ya hijai yasubiri zamu yake.