Loji ya mlimani haihitaji bafu

Kila kiangazi nasikia malalamiko yaleyale kutoka kwa watu waliolala kwenye loji za milimani zisizofikika kwa gari: mandhari ni ya kupendeza, wahudumu hawana neno, ila hakuna bafu, hakuna umeme, simu haishiki mtandao. Mimi nasema ziachwe hivyohivyo. Wala siyasemi haya kwa kupenda mahubiri ya kurudi kwenye maumbile. Ninachofikiria ni mgongo wa mtu anayebeba mizigo ya huko.

Tuchukue LeConte Lodge, iliyoko Tennessee, Marekani, kwenye Mlima Le Conte wenye urefu wa mita 2,010 hivi. Loji hiyo ilianza miaka ya 1920, kabla Great Smoky Mountains haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1934. Zipo njia tano za kuifikia, na zote ni za kutembea kwa miguu. Mzigo mkubwa wa msimu mzima huletwa kwa helikopta karibu na ufunguzi, mwezi Machi. Kuanzia hapo hadi Novemba kazi inabaki kwa lama, wale wanyama wa Amerika Kusini walio ndugu za ngamia. Mara tatu kwa wiki msafara wao hupanda kwa njia ya Trillium Gap ukiwa na shuka safi na chakula, kisha hushuka na shuka chafu na takataka. Walichaguliwa lama badala ya farasi kwa sababu nyayo zao laini haziichimbui njia.

Sasa mtu aniambie bafu litaingia wapi hapo. Maji ya kuoga watu wapatao sitini kila jioni yapashwe moto kwa gesi iliyopanda kwa helikopta, halafu yenye sabuni yamwagwe kileleni, yateremkie vijito vyote vya chini? Kinachotolewa ni ndoo na beseni. Unakinga maji ya moto karibu na jiko, unayabeba taratibu hadi kwenye kibanda chako yasimwagike, unawasha taa ya mafuta, unajifuta shingo, kwapa na miguu, basi. Maji yakishapoa ndiyo unagundua kwamba yalikutosha. Saa kumi na mbili jioni kengele inalia, watu wanakwenda kula wakiwa na harufu ya moshi na jasho kidogo, na hakuna anayemnusa mwenzake.

Huko angalau kuna lama. Kwenye milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire, hukohuko Marekani, chama cha Appalachian Mountain Club kina vibanda vinane, na huko vyakula vibichi hupandishwa na wahudumu wenyewe, wengi wao vijana. Wanatumia fremu ya mbao yenye mikanda ya mabegani. Maboksi hupangwa moja juu ya jingine na kukazwa kwa kamba, tena kwa makusudi mzigo hukaa juu, usawa wa kichwa na zaidi, ili uzito ushuke wima badala ya kumvuta mtu nyuma. Ukipishana naye njiani, kwanza unaona maboksi yakiyumba, kisha miguu. Mpishe. Usimwulize kama bado ni mbali.

Kijana huyohuyo ndiye anayeamka mapema kuliko wageni ili aandae kifungua kinywa. Ndiye anayewasomea utabiri wa hali ya hewa asubuhi, na pale hilo si jambo la kupitisha muda: kibanda cha Lakes of the Clouds, chenye nafasi ya wageni 90, kimejibanza ubavuni mwa Mlima Washington, ambako mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Wageni wakishaondoka anakunja mablanketi, anafagia, anasugua vyoo, anakanda unga wa mkate wa jioni. Mchana anapata saa chache za kulala au kukimbilia kilele cha jirani (vijana bwana, eti huko ndiko kupumzika), halafu kundi jipya linaingia likiwa limelowa, lina njaa, na lina maswali yaleyale ya jana.

Kwa hiyo mtu anaposema kazi hii ni likizo ya kulipwa, huwa nacheka. Aliye likizoni ni mgeni. Yeye ndiye anayeona mambo mepesi, kwa kuwa ameondolewa maamuzi yote: chakula ni kilichopikwa, kitanda ni ulichopewa, na anayekoroma kitanda cha juu hana dawa. Wepesi huo mtu mwingine ameutolea jasho, na kila starehe tunayodai huongeza boksi kwenye ile fremu.

Choo sikitanii. Choo kizuri si anasa, na pesa zikipatikana ziende huko kwanza, hasa vile vya kugeuza kinyesi kuwa mboji, maana penye baridi na udongo haba uchafu hauozi upesi. Redio ya dharura pia iwepo, ifanye kazi usiku na mchana. Nikiona mtu amevunjika kifundo cha mguu sitamsimulia uzuri wa ukimya. Lakini mtandao wa kuangalia video kitandani? Hapana.

Na takataka zako shuka nazo. Hapa ndipo wengi wanaolalamikia bafu huanguka mtihani: wanaacha chupa tupu na ganda la chokoleti chini ya kitanda, wakidhani kuna gari la taka litakalopita. Halipiti. Wiki hiyohiyo mtu au mnyama atayateremsha kilomita kadhaa juu ya mawe yenye utelezi, ilhali mgeni huyo alikuwa anashuka na begi jepesi kuliko alilopanda nalo.