Bei ya bebikea: siku tupu hulipwa na nani?

Mlezi wa bebikea, yaani anayelea watoto wa wenzake nyumbani kwake mchana, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru jijini Nairobi, akikataa kushuka chini ya shilingi 100 kwa siku, na ploti ya pili kuna mama anayewapokea kwa 50, mtaa humhukumu kabla ya jioni. Ana maringo. Anajifanya yuko South C, mtaa wa wenye nafasi. Anawakamua wanawake wenzake. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali tukae chini tupige hesabu, maana wanaomlaumu sijawaona wakiipiga.

Kwanza haki ya wanaolalamika, na wanayo. Tuchukue mama anayefua nguo Eastleigh. Akipata kazi, tuseme anarudi na 500. Mtoto mmoja wa 100 amekula sehemu moja ya tano, wawili wamekula mbili, na nauli, unga na mafuta ya taa bado. Hiyo ni siku ya kazi. Kuna siku anayokaa kibarazani hadi saa nne na asiitwe na mtu, na mtoto alishamwacha tangu saa kumi na mbili. Bei ikimshinda, mtoto hubaki na dada yake wa darasa la nne, ambaye siku hiyo haendi shule, au hufungiwa ndani na jirani akaombwa "atupe jicho". Wanawake hawa hawabahili. Utafiti uliofanywa Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, na kituo cha utafiti cha APHRC pamoja na Chuo Kikuu cha McGill, ukachapishwa mwaka 2019, uliwapa baadhi ya akina mama vocha za malezi ya watoto. Uwezekano wa waliopewa vocha kuwa na kazi ulizidi wa wasiopewa kwa pointi 8.5 za asilimia. Kwa hiyo ada ya malezi ni kizuizi cha kweli.

Yule wa 50 naye simwoni kuwa adui. Mara nyingi ni nyanya anayekaa na wajukuu wake kwa vyovyote vile. Kodi ya chumba angeilipa, uji angeupika. Wa jirani watatu au wanne wakiongezeka, 50 ya kila mmoja ni ziada juu ya maisha aliyokuwa akiishi tayari. Minong'ono ya watoto kunyweshwa dawa ya kikohozi ili walale siibebi hapa, kwa sababu humpakaza tope hata yule anayewabeba mgongoni siku nzima. Akiwa na wanne, 50 ni bei ya haki kabisa.

Mambo hubadilika mlezi anapoyafanya malezi kuwa kazi ya kumlisha.

Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Orodha ya kazi zilizo katika kundi hilo inamtaja yaya wa watoto, pamoja na mfagizi na mlinzi wa mchana. Kwa hiyo serikali imeshasema mtu anayelea watoto asilipwe chini ya hapo. Tusimpe mlezi wetu hata senti ya juu, tumpe hicho hicho kima cha chini. Kwa 100 kwa siku, siku 26 za mwezi, mtoto mmoja huleta 2,600. Watoto saba wanatosha mshahara. Kwa 50 mtoto huleta 1,300, na wanahitajika 13. Hapo hatujalipa kodi, makaa, maji ya mitungi, sabuni, wala godoro lililokojolewa mpaka likakataa kukauka.

Tena hesabu hiyo imempendelea wa 50, kwa kuwa imechukulia kwamba kila mtoto huja kila siku. Hawaji. Mama anayelipa kwa siku humleta mtoto siku ya kazi tu. Tuseme ni siku nne kati ya sita za wiki. Sasa kwa bei ya 100 mlezi anahitaji watoto kumi kitabuni ili afike kwenye 16,113, na kwa bei ya 50 anahitaji 19.

Kumi na tisa. Nambari hii imenikaa kichwani wiki nzima. Utaniambia si wote huja siku moja, na ni kweli, wastani ni kama 13. Ila mtoto hanyonyeshwi kwa wastani. Kufua hufuata jua: mvua ikinyesha hakuna anayeitwa, chumba kinakuwa na watoto watano na mlezi hana hela ya unga, jua likitoka Jumamosi kila mama kaitwa, na wote 19 wako mlangoni alfajiri, katika chumba kimoja cha mabati na mikono miwili. Nepi moja ikibadilishwa kwa dakika tano, mara tatu kwa siku, kwa watoto kumi tu wasioweza kujisaidia wenyewe, saa mbili na nusu zimekwisha. Bado hujawalisha. Na huyu anayetambaa kuelekea kwenye jiko atazuiwa na nani?

Ndiyo sababu nasema bei ya 50, ikiwa ndiyo riziki ya mlezi, nafuu yake hulipwa na mtoto. Yule wa 100 aliyeitwa mwenye maringo anachokataa hasa ni kuwa na watoto 19. Ikiwa pia amekwenda kujisajili, kama sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2017 kuhusu vituo vya kulea watoto inavyotaka, amejiongezea gharama ambayo jirani yake hana, na mtaa unamwadhibu kwa hilo pia.

Kukataa kushuka, hata hivyo, hakumletei watoto. Nadhani kosa lake kubwa ni kukubali kupigana kwenye uwanja wa bei ya siku, wakati ugomvi wenyewe uko kwenye siku tupu, ile ambayo mtoto haletwi. Kwa malipo ya kila siku, siku tupu yote ni hasara ya mlezi. Akidai malipo ya mwezi mzima, hasara yote humwangukia mama ambaye naye hana mwezi, ana siku. Wote wawili ni vibarua, na kila mmoja anajaribu kumtwika mwenzake mvua.

Kuna njia ya katikati. Mama alipe 200 kila Jumatatu kushika nafasi ya mtoto, kisha 50 kwa kila siku anayomleta. Akimleta siku sita atalipa 500 badala ya 600, amepata nafuu. Akimleta siku nne ni 400, sawasawa na zamani. Mlezi mwenye watoto 12 ana 2,400 mkononi kila Jumatatu, karibu 10,400 kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, yaani kama theluthi mbili za ule mshahara kabla mtoto hajavuka kizingiti. Na mlangoni, siku yenyewe, bei yake ni 50 kama ya jirani. Anayechelewa kumchukua mtoto hadi usiku aongeze kidogo, anayeleta chakula chake apunguziwe. Hayo ni ya kuelewana wenyewe.

Mpango huu unamuumiza mtu mmoja, nami sitamficha. Mama anayepata kazi siku mbili tu kwa wiki alikuwa akilipa 200, sasa atalipa 300. Ndiye maskini kuliko wote, na atahamia kwa yule wa 50. Simlaumu. Wala mlezi hapaswi kumfidia kwa njaa ya nyumba yake mwenyewe.

Tangu 2023 mtoto wa shule ya msingi ya umma Nairobi hula chakula cha mchana kwa shilingi 5 kupitia mpango wa Dishi na County, na hakuna aliyemwambia mpishi kwamba sahani hiyo ina thamani ya shilingi 5 tu. Salio hulipwa na mfuko mwingine. Vocha za Korogocho nazo zililipiwa na mradi, hazikutoka kwenye mfuko wa mlezi. Mtoto wa miaka miwili aliye bebikea hayuko katika hesabu ya Dishi na County, ingawa Katiba ya 2010 iliviweka vituo vya kulea watoto mikononi mwa kaunti, katika Jedwali la Nne, kando ya elimu ya chekechea. Ile shilingi 100 ya ziada ya mama wa siku mbili, kila wiki, ndiyo ningependa kuiona kwenye bajeti ya City Hall, yaani ya serikali ya kaunti, kabla ya mtu yeyote kumwambia mlezi wa Mukuru ashushe bei.