Lala, Ni Bati

Hivi Waingereza waliishiwa na maneno? Wametuachia kontrakshoni moja, kila fundi anaivutia kwake, na anayevutwa ni mimi.

Juzi jioni binti yangu kanitandikia daftari mapajani. "Baba, kontrakshoni ni nini?" Nikajikohoza: ni kukata maneno, mwanangu, kama tunavyosema "mkeo" badala ya "mke wako". Akanitazama kwa huruma. "Baba, hili ni zoezi la sayansi."

Kumbe ni vitu kusinyaa vikipoa! Hilo nani wa kunifundisha, mimi ninayelala chini ya bati? Jua la Kampala linalichoma kutwa, likizama tu, ta! Ta! Naruka na rungu, nadhani mwizi. Nikapiga hesabu na mtoto: bati la mita 3 likipoa nyuzi 40, linapungua kama milimita moja na nusu. Milimita moja na nusu ndiyo inaninyima usingizi miaka yote hii!

Sijafunga daftari, mama watoto, mimba ya miezi tisa, kashika kiuno. "Baba Sauda, kontrakshoni."

"Lala, ni bati."

Jicho alilonipa sitalisahau.

Tukapanda bodaboda. Foleni imefunga, kijana akajipenyeza katikati ya taksi mbili. Mpwa wangu wa chuo anasema kitu kikienda karibu na kasi ya mwanga kinafupika, nacho ni kontrakshoni. Ila kinafupika urefu tu, upana uko palepale. Yule kijana labda hakufika somo hilo, maana kioo cha pembeni tulikiacha barabarani. Na nauli hakupunguza hata shilingi.

Zahanati, mkunga akatutuliza: kontrakshoni, yaani tumbo kukaza, zikija kila dakika 5, kila moja ikakaa dakika nzima, na hali hiyo ikaendelea saa nzima, hapo mrudi. Hizi ni za uongo, zinaitwa Braxton Hicks. Ni daktari wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1872. Nisikilizeni vizuri: uchungu ni wa mke wangu, nauli ni yangu, jina kachukua bwana mmoja wa London!

Tumerudi saa sita. Ndiyo kwanza navuta shuka, juu, ta! Pembeni, "Baba Sauda!"

Sasa niitikie ipi?