Punguza geini, gitaa litazidi kuwa zito

Wapiga gitaa wengi vijana hapa Dodoma wakitaka sauti nzito wanakimbilia kitufe kimoja, geini, kinachoamua sauti ya gitaa isukumwe kwa nguvu kiasi gani ndani ya amplifaya. Kinazungushwa mpaka mwisho, besi (sauti za chini) nayo mpaka mwisho, trebo (sauti za juu) hivyo hivyo, midi (sauti za kati) inashushwa mpaka sifuri. Chumbani, mtu akiwa peke yake, sauti hiyo inatisha kweli. Ikikutana na ngoma, gitaa la besi na kinanda, gitaa linapotea, unabaki mchakacho tu juu juu. Fundi mitambo anavuta kitelezi chini, na mpigaji mzuri anaondoka akiambiwa gitaa lake ni kelele. Naandika haya kwa sababu naupenda muziki huu mzito wa roki na metali, na inaniuma kuona watu wanaukatia tamaa kwa jambo linalorekebishika ndani ya dakika tano.

Amplifaya ina kikomo chake. Ukiisukumia wimbi kubwa kuliko inavyoweza kubeba, kichwa cha wimbi kinakatwa, linabaki bapa juu na chini. Ule ubapa unazaa sauti za juu ambazo vidole vyako havikuzipiga, na sikio linazisikia kama mkwaruzo. Hiyo ndiyo distosheni, na mpaka hapo mambo ni mazuri. Ila kuna jambo la pili linatokea papo hapo: kwa kuwa kikomo hakisogei, noti uliyoichapa kwa nguvu zote na ile uliyoigusa tu zinatoka na ukubwa unaokaribiana. Uzito unapotelea hapo. Rifu nzito, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, inahitaji pigo, na baada ya pigo inahitaji kimya. Geini ikizidi, pigo linamezwa, na kimya kinajaa mvumo wa umeme pamoja na nyuzi ambazo hukutaka zilie.

Namna ya kupima ni hii. Laza ukingo wa kiganja cha mkono unaochapa juu ya nyuzi, pale pale zinapotoka kwenye daraja la gitaa, usibonyeze sana. Chapa uzi wa sita kwa peki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia, kuelekea chini tu. Unatakiwa usikie "dju", fupi, yenye mwanzo na mwisho, kiasi kwamba unaihisi kifuani. Ukisikia "djuuushh" inayojikokota, rudisha geini nyuma kidogo, chapa tena. Endelea hivyo mpaka ufike mahali ambapo ukichapa taratibu gitaa linaanza kusafika. Simama hapo, kisha pandisha kidogo sana. Mara ya kwanza utaona kama umepungukiwa. Vumilia mpaka bendi nzima ianze kupiga, ndipo utoe hukumu.

Walioanzisha sauti hii ya mkwaruzo walifikaje huko? Mwaka 1958 Link Wray wa Marekani alitoboa spika za amplifaya yake kwa penseli ili zikwaruze. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya Kinks, Uingereza, aliichana spika yake kwa wembe. Katikati ya hao wawili, 1962, ilitoka Maestro Fuzz-Tone, pedali (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu) ya kutengeneza mkwaruzo huo, na baadaye watu wakaacha kuharibu spika. Lakini anayenifundisha zaidi ni Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Akiwa kijana kiwandani, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa kushoto, kwa hiyo ndivyo vidole vyake vya kubonyezea nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akafunga nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 alikuwa akizilegeza nyuzi zote kwa toni moja na nusu. Sauti nzito ya dunia nzima ina deni kwake. Sasa weka hedifoni usikilize kwa makini: geini yake ni ndogo ukiilinganisha na za leo. Uzito unatoka kwenye mkono, kwenye nyuzi zilizoshushwa, na kwenye mwendo wa taratibu unaoipa kila noti nafasi ya kutua.

Mtu atanijibu: mbona bendi za Sweden zilizungusha kila kitufe mpaka mwisho? Kweli. Entombed walirekodi albamu yao ya 1990 Stockholm kwa pedali ya Boss HM-2, na desturi ya pedali hiyo ni vitufe vyote vinne kuwekwa mwisho. Ila tazama kinachofanyika ndani yake. Vitufe vyake vya rangi ya sauti vikifika mwisho, vinapandisha kwa nguvu eneo la karibu na hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Hiyo ni midi, ile ile ambayo sisi tunaishusha mpaka sifuri! Kwa hiyo mfano huo unanipa haki mimi.

Midi ndiyo makao ya gitaa. Chini yake wanakaa gitaa la besi na ngoma ya mguu, juu yake yanakaa matoazi. Ukiifuta midi umelihamisha gitaa kwenye nyumba za wenzake, na huko litashindwa tu. Waliokuja na amplifaya za geini kubwa, kama Peavey 5150 iliyotoka 1992, waligundua ujanja ambao ningependa kila mpigaji wa Area C, Nkuhungu na Kisasa hapa Dodoma aujue. Wanatanguliza pedali ya ovadraivu, yaani ya mkwaruzo laini, ya aina ya Tube Screamer. Draivu, yaani kitufe cha mkwaruzo wake, wanaiweka sifuri, ukubwa wa sauti wanaupandisha juu kabisa. Pedali ile inapunguza besi chini ya takriban hezi 720 kabla ishara haijafika kwenye amplifaya. Besi ikiingia nyingi kwenye hatua ya kukatwa mawimbi inavuruga kila kitu na kutoa sauti ya tope. Ikipunguzwa kabla, halafu ukairudisha baadaye kwenye vitufe vya amplifaya, unapata sauti iliyokaza. Pedali za kunakili muundo huo zipo nyingi na za bei nafuu, na hii ningeinunua kabla ya distosheni yoyote yenye picha ya fuvu la kichwa.

Nije kwenye tatizo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Wengi hatuna amplifaya ya gitaa. Kanisani, kwenye kumbi, hata kwenye mazoezi, waya unatoka kwenye pedali unaingia moja kwa moja kwenye mixa, na mixa inapeleka kwenye spika kubwa zenye twita, vile vispika vya sauti za juu. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipandi sana kupita hezi 5,000. Mkwaruzo wote mkali wa juu inauacha nje. Twita ya ukumbini inaupitisha wote, na ndiyo maana sauti inachoma masikio mpaka wazee wa kanisa wanageuka kutazama nyuma. Pedali haina kosa. Kinachokosekana ni ile spika ya inchi 12. Ukiwa na kifaa cha efekti kama vile vya Zoom, washa sehemu ya kuiga kabineti, yaani sanduku la spika ya gitaa. Watu wanaizima bila kujua. Mwenye kompyuta na saundi kadi anaweza kupakua Neural Amp Modeler, programu ya kuiga amplifaya ambayo ni ya bure, akaongeza faili la kabineti. Na kama huna hata kimoja, mwombe fundi mitambo akate sauti za juu za chaneli yako kuanzia hezi 5,000 hivi. Kitufe cha trebo cha mixa ya kawaida hakitoshi peke yake, lakini ni afadhali kuliko kukiacha.

Umeme nao una neno. Wetu ni volti 230, una mizunguko 50 kwa sekunde, na geini kubwa inaukuza mvumo huo kama inavyokuza noti zako. Pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya aina ya hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni kwa Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zinazofuta mvumo, kwa hiyo kwa muziki mzito anza na hiyo. Angalia pia waya wa ethi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na kiangazi chetu ni kirefu. Gitaa likivuma na mvumo ukakoma ukigusa nyuzi, kagua waya na jeki. Ukipata shoti mdomoni kwenye maikrofoni, zima kila kitu, uite fundi umeme.

Nasikia pia wanaosema mkwaruzo huu ni mambo ya Wazungu, gitaa la Kiafrika ni sauti safi. Naupenda muziki wetu wa dansi, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe pale Morogoro lilikuwa safi kwelikweli. Lakini jirani zetu Wazambia walipiga fazi, yaani distosheni yenye mkwaruzo mwingi, tangu miaka ya 1970. Bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ziliujenga muziki mzima juu yake. Na hapa hapa Ugogoni, tazama ilimba. Sanduku la mbao, ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba, na kwenye sanduku tundu lililofunikwa utando mwembamba wa buibui. Ulimi ukipigwa, utando unatetema, noti inatoka na mvumo wa kukwaruza juu yake. Ameusambaza duniani marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003. Namna ya kuutengeneza mkwaruzo ni tofauti na ya amplifaya, ila nia ni moja: noti ipewe makali. Na sikiliza kiasi chake. Utando ni mdogo, noti haifunikwi hata siku moja. Unaisikia kwanza noti, kisha mkwaruzo unaifuata. Mpiga gitaa aliyekulia Chamwino au Mpwapwa akiisikia ilimba ana mwalimu bora wa distosheni kuliko video nyingi za mtandaoni.

Jambo la mwisho ni besi, namaanisha mpiga besi mwenyewe. Ukipiga uzi wa sita ulio wazi pamoja na noti yake ya tano, yaani hezi 82 na hezi 123, distosheni inazaa noti ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga, hezi 41, oktevu moja chini. Ndiyo sababu noti hizo mbili zinasikika kubwa hivyo, na ndiyo sababu kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) yenye noti nne au tano inavurugika ukiipitisha humo humo. Hezi 41 ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne. Mpiga besi akikaa juu ya noti ile ile, kwa wakati ule ule na ngoma ya mguu, uzito wote unaoutafuta kwenye pedali utaupata kwake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta gitaa la nyuzi saba, kaeni wawili, wewe na mpiga besi, amplifaya zikiwa chini, mrudie rifu moja mpaka peki zenu zigonge pamoja. Geini iache kwenye robo kwanza.