Gemu Ilipata Tuzo, Studio Ikafungwa

Mei 2024 Microsoft ilitangaza kuifunga Tango Gameworks, studio ya Tokyo iliyotengeneza Hi-Fi Rush. Gemu hiyo ilikuwa imechezwa na watu zaidi ya milioni 3, na mwezi mmoja tu nyuma ilitwaa tuzo ya uhuishaji ya BAFTA, tuzo mashuhuri za Uingereza. Agosti, Krafton ya Korea Kusini ikaichukua studio hiyo. Basi thamani ilikuwapo. Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu kinaiangusha kauli kwamba anayefanya kazi nzuri hana cha kuhofia.

Waajiri wanaopunguza wafanyakazi nao wana hoja, tena nzito. Gemu kubwa siku hizi inaweza kumeza zaidi ya dola milioni 200 na miaka kadhaa ya kazi kabla haijauzwa hata nakala moja. Sony ilitoa gemu ya Concord Agosti 2024. Ikadoda, na baada ya wiki mbili ikaondolewa. Fedha kama hizo zikipotea, mishahara itatoka wapi? Tena wakati wa Uviko-19 watu walijifungia ndani wakicheza, kampuni zikaajiri kwa pupa, kisha soko likapoa.

Lakini aliyeamua kuajiri kwa pupa si mchoraji wala mjaribu gemu. Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard, kampuni kubwa ya gemu, kwa takribani dola bilioni 69. Januari iliyofuata ikapunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Mchuma janga hula na wa kwao, ila hapa wa kwao wameachiwa sahani nzima.

Wii U, mashine ya kuchezea gemu ya Nintendo ya Japani, ilipododa, mwaka 2014 rais wa kampuni hiyo, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano. Nintendo ilikuwa na akiba kubwa ambayo studio ndogo haina, ni kweli. Microsoft je, ni studio ndogo?

Wajaribu gemu wa Raven Software, studio ya Marekani, hawakungoja huruma ya wakubwa. Wenzao walipokatishiwa mikataba mwaka 2021 waligoma, na Mei 2022 wakapiga kura 19 kwa 3 kuunda chama cha wafanyakazi. Chama hakiwezi kuizuia gemu mbovu isidode, na hofu ya mameneja kwamba kitapunguza wepesi wa kubadili mipango haikosi msingi. Kinachoweza kudaiwa mezani ni notisi ndefu, kiinua mgongo cha maana, na fungu la mapato gemu inapouzika. Hilo la mwisho ndilo ningelianza nalo: anayebebeshwa hasara ana haki ya kuonja faida.