Kununua Albamu au Kupakua Bure: Fedha Inakwenda kwa Nani, na Faili Lina Nini Ndani?

Juni 1999 programu ya Napster ilianza kuwawezesha watu kubadilishana nyimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na tangu siku hizo swali limekuwa lile lile: huu ni wizi au si wizi? Mahakama za Marekani zilitoa jibu lao, Napster ikazimwa Julai 2001, lakini tabia yenyewe haikuzimika. Mpaka leo mmoja anasema msanii anaibiwa, mwenzake anajibu kwamba msanii hakupata kitu hata enzi za kaseti. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Wanayoyaruka wote wawili ni maswali mawili mazito zaidi: fedha anayotoa mnunuzi inapita mikononi mwa nani, na faili analobaki nalo msikilizaji lina nini ndani yake.

Fedha kwanza. Wimbo wowote uliorekodiwa una haki mbili ndani yake. Moja ni ya utunzi, yaani mashairi na muziki wake. Nyingine ni ya rekodi, ile masta iliyotoka studio. Msanii aliyesaini mkataba na kampuni ya kurekodi mara nyingi si mmiliki wa masta. Kampuni imemtangulizia fedha za studio, za prodyuza, pengine na za video, na mgao wake wa mauzo unakatwa kwanza kufidia fedha hizo. Ndiyo sababu albamu inaweza kutamba sokoni na mwimbaji asione hata senti ya mauzo ya rekodi. Mtunzi ana njia yake tofauti. Marekani, kwa mfano, sheria iliweka senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika tano kuanzia 2006 hadi 2022, kisha kiwango kikapanda hadi senti 12 mwaka 2023. Mikataba mingine hupunguza kiasi hicho, lakini mtunzi hasubiri deni la studio liishe. Kwa hiyo ile kauli ya "msanii hapati kitu" inamfaa mwimbaji mwenye deni; mtunzi wa wimbo huo huo haimhusu.

Mahali unaponunua nako kuna tofauti kubwa. Duka la muziki la Apple lilipofunguliwa Aprili 2003 wimbo uliuzwa senti 99. Karibu senti 70 zilikwenda kwa kampuni ya kurekodi, zilizobaki zikawa za duka. Fungu la mwimbaji lilitoka ndani ya zile 70, kwa mujibu wa mkataba wake. Bandcamp, duka la mtandaoni ambapo msanii hufungua ukurasa wake, iliyoanza 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya mafaili, na hushuka hadi asilimia 10 mauzo ya msanii yakifika dola 5,000. Ukiondoa na ada ya kupitisha malipo, kinachobaki kinaingia kwa mwenye ukurasa. Hapo ni lazima kutazama mwenye ukurasa ni nani, msanii mwenyewe au lebo yake, yaani kampuni ya kurekodi. Na hiyo ada ya malipo ina sehemu isiyobadilika kwa kila muamala: ukinunua nyimbo kumi kwa malipo kumi, sehemu hiyo inakatwa mara kumi, ukinunua albamu kwa mkupuo, inakatwa mara moja. CD ya mtumba ni halali kabisa, ila haimpi msanii chochote. Mnunuzi anayedhani amemsaidia kwa njia hiyo amemsaidia muuzaji tu.

Upande wa kupakua bure nao una ushahidi wake, usiostahili kupuuzwa. Mwaka 2007 Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf walichapisha utafiti uliolinganisha upakuaji na mauzo ya albamu 680 katika wiki 17 za mwaka 2002. Hawakuona athari kwa mauzo inayoweza kutofautishwa na sifuri. Mchumi Stan Liebowitz aliipinga mbinu yao kwa nguvu, na ubishi haukuisha hapo. Oktoba 2007 kundi la Radiohead liliwaachia wasikilizaji wapange wenyewe bei ya albamu mpya, hata sifuri. CD ilipotoka baadaye ilishika namba moja Uingereza na Marekani. Machi 2008 Nine Inch Nails wakatoa nyimbo 36: tisa za kwanza bure, zote kwa dola 5, na toleo la kifahari la dola 300 lililokuwa na nakala 2,500 tu. Nakala hizo ziliisha ndani ya siku tatu.

Mifano hii miwili hutajwa mno, na hutajwa vibaya. Makundi yote mawili yalikwisha kujengewa jina na kampuni kubwa kwa zaidi ya miaka kumi. La pili, na ndilo zito zaidi, waliamua wenyewe. Neno "bure" linafunika mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Kuna bure ya ruhusa, kama ile ya leseni za Creative Commons zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Hizi nazo zina masharti ya kusomwa: BY inakutaka umtaje msanii, NC inakukataza matumizi ya kibiashara, ND inakukataza kubadilisha kazi. Wimbo wenye NC unaweza kuusikiliza na kumpa rafiki, lakini ukiuweka kwenye tangazo la biashara umevunja leseni. Kundi la Grateful Dead liliruhusu mashabiki warekodi maonyesho yake, na maelfu ya rekodi hizo yamehifadhiwa kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Kisha kuna bure ya muda kupita: nchini Marekani rekodi zote zilizochapishwa kabla ya 1923 zilitoka kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2022. Angalia kwamba utunzi unaweza kuwa huru huku rekodi yake haiko huru. Muziki wa mtunzi aliyefariki karne ya kumi na tisa, ukipigwa na okestra mwaka jana, rekodi ile ni mali ya mtu. Ya tatu ni bure ya kuchukua bila kuulizwa mtu. Hii ya tatu ndiyo yenye mgogoro, na wanaoitetea hupenda kusimama kwenye kivuli cha zile mbili.

Sasa tufungue faili lenyewe, maana hapa ndipo wapakuaji wengi hupunjwa bila kujua.

Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, karibu megabaiti 10 kwa dakika. Albamu ya dakika 45 katika WAV, umbo la faili lisilobanwa, hufika megabaiti 475 hivi. FLAC huibana bila kupoteza hata biti moja, kwa kawaida ikabaki kati ya 250 na 300, kutegemea muziki wenyewe. MP3 ya kilobiti 320 ni megabaiti 108. Ya 128 ni 43 tu. MP3 hupata udogo huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linatarajiwa kutozitambua, na kilichotupwa hakirudi. Mtu akichukua MP3 ya 128 akaigeuza kuwa ya 320, au hata FLAC, anapata faili kubwa lenye sauti ile ile iliyokwisha kukatwa. Mitandao ya kupakua bure imejaa mafaili ya namna hii, kwa sababu aliyepakia naye alipokea kwa mwingine. Tovuti zinazonyofoa sauti kwenye video hufanya jambo hilo hilo: sauti ya video imekwisha kubanwa mara moja, tovuti inaibana mara ya pili, halafu inaandika "320" kwenye jina.

Kulikagua ni kazi ya dakika moja. Fungua faili kwa programu ya spektrogramu kama Spek, inayochora sauti kwa picha kuanzia nzito hadi nyembamba. Rekodi halisi ya CD inaweza kuonyesha sauti mpaka karibu kilohezi 22. MP3 ya 128 kwa kawaida hukatika kwenye 16, ya 320 karibu na 20. Ukiona FLAC iliyokatika kwenye 16 kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, asili yake ni MP3. Usiihukumu rekodi ya zamani kwa haraka, lakini: kanda nyingi za kale hazikunasa sauti za juu, ila zenyewe hufifia polepole, hazikatiki ghafla.

Kuna kasoro nyingine inayoudhi zaidi kwenye albamu ambazo nyimbo zake zinaungana bila kituo. MP3 hugawa sauti katika vipande vya vipimo 1,152. Kipande cha mwisho kisipojaa hujazwa ukimya, na mwanzoni nako huongezwa ukimya kidogo. Programu nzuri ya kubana huandika ndani ya faili ni kiasi gani cha ukimya kikatwe wakati wa kupiga. Faili likipita mikono mingi maandishi hayo hupotea, na muziki unakatika kila wimbo unapoisha. Majina ya watunzi, wapigaji na prodyuza nayo hupotea njiani, hadi mpiga gitaa aliyebeba wimbo mzima hajulikani na yeyote. Kwa maoni yetu hasara hii haizungumzwi vya kutosha, kwa kuwa mpigaji wa kukodiwa hupata kazi inayofuata kwa kutajwa jina. Na faili linaloishia .exe badala ya .mp3 au .flac si wimbo; lifute bila kulifungua.

Je, mnunuzi yuko salama? Si kila mara. Mwaka 2005 baadhi ya CD za Sony BMG ziliingiza kwa siri kwenye kompyuta za wanunuzi programu iliyofungua mianya ya usalama, na diski hizo zikalazimika kurudishwa. Mwaka 2008 Yahoo ilitangaza kufunga duka lake la muziki pamoja na seva zilizotoa funguo za nyimbo zenye kufuli la kuzuia kunakili. Waliolipa wakakabiliwa na mafaili yasiyoweza kufunguka wakihamia kompyuta nyingine, hadi kampuni ikaahidi fidia. Aliyepakua kiharamia hakupatwa na tatizo hilo, na hii ni aibu ya biashara ya muziki wenyewe. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo zake mwaka 2009, ila jambo moja halijabadilika: faili ulilonunua kwa kawaida ni leseni. CD unaweza kuiuza au kumrithisha mwanao. Kampuni ya ReDigi ilipojaribu kuendesha soko la mafaili ya mtumba, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua Desemba 2018 kwamba huko ni kunakili bila ruhusa.

Kwa hiyo ukinunua, nunua kwa namna itakayokuachia kitu mkononi. Kabla ya kulipa, angalia kama duka linatoa FLAC au WAV na kama faili halina kufuli. Pakua siku hiyo hiyo. Albamu huondolewa madukani mikataba inapokwisha, na kuitegemea "maktaba yako" ya mtandaoni ni kuacha mali kwa jirani. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kupoteza muziki uliopakiwa humo kwa miaka 12, zaidi ya nyimbo milioni 50, na wasanii wengi hawakuwa na nakala nyingine. Faili la FLAC hubeba ndani yake alama ya uhakiki; amri ya flac -t itakuambia kama limeharibika. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba.

Ukinunua CD, ihamishe kwenye kompyuta kwa programu kama Exact Audio Copy ikilinganisha matokeo na AccurateRip, hifadhi ya namba za uhakiki za diski. Namba zikilingana na za wengine waliohamisha diski ile ile, umeipata kamili. Zisipolingana, safisha diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha rudia. Na chunga upande wenye maandishi kuliko ule unaong'aa: tabaka linaloakisi mwanga liko karibu kabisa na maandishi, na mkwaruzo wa huko hauna tiba.

Inabaki hoja moja ya wapakuaji ambayo tunaikubali kuwa ni nzito: albamu isiyouzwa popote. Lebo imekufa, masta imepotea au imefungiwa, na nakala pekee inayosikika ni ile aliyoipakia shabiki. Kisheria bado haina ruhusa, lakini hakuna mauzo anayonyimwa mtu, na kazi nyingi zimeokoka hivyo. Hata hivyo hoja hii haihami kwenda kwa albamu iliyotoka mwezi uliopita na inayouzwa kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe. Wala ile ya "wao ni matajiri" haifiki huko, kwa kuwa nyota mkubwa ana maonyesho na matangazo ya kumlipa. Msanii anayejilipia studio kwa saa, akamlipa mpiga ngoma kwa wimbo, fundi wa kuchanganya sauti na wa kuikamilisha, ana albamu ile tu ya kurudisha gharama. Kwake nakala mia zilizonunuliwa ndizo zinazoamua kama kutakuwa na albamu ya pili.

Kwa ile isiyouzwa, kabla ya kuichukua, mwandikie msanii au warithi wake uulize. Wapo wenye masta kabatini wasiojua kama kuna anayeitafuta, na kuifungulia ukurasa wa mauzo mtandaoni leo hakuhitaji lebo. Ukipata CD yake ya mtumba, inunue uihamishe vizuri. Kisha kama ana ukurasa wake, nunua hapo hata wimbo mmoja, ili fedha ifike alikotoka muziki.